Kabla ya Kununua Mota, Pima Mkono Wako

Ndugu wapiga picha, hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia: mota ya kusogeza filamu, ile inayofungwa chini ya kamera, hainunuliwi kwa ajili ya kasi. Kila anayeulizia mota huanza na swali la picha ngapi kwa sekunde. Filamu ina picha 36. Mota ya Nikon iitwayo MD-12 hufikia picha 3.2 kwa sekunde. Pigeni hesabu: sekunde 11 na filamu imekwisha! Nani kati yetu ana hela hizo?

Mota ni kwa ajili ya jicho na mkono. Chukueni kamera ya Nikon FM2, iliyotoka 1982. Mita ya mwanga haiwaki mpaka uvute nje kidogo wenzo wa kusogeza filamu. Anayetazamia jicho la kulia haoni tabu. Anayetazamia la kushoto, ncha ya wenzo inamkabili jicho lake la kulia, na kila picha lazima aondoe uso ili gumba lipate nafasi ya kuvuta. Akirudi, mtoto aliyekuwa akicheka ameshageuka. Sasa funga MD-12, sukuma wenzo mpaka ulale kwenye kamera, kisha bonyeza kidogo kitufe kilicho juu ya kishikio cha mota. Mita inawaka, uso haubanduki, na vidole vinne vina mahali pa kukumbatia badala ya kuning'inia kwenye bati linaloteleza jasho.

Najua mtu atasema: uzito! Kweli. FM2 ni gramu 540, MD-12 gramu 410, bado betri nane za AA. Kilo imepita kabla ya lenzi. Ukiwa na lenzi ya milimita 200, uzito huo unatuliza kamera. Ukiwa na ya 50 na unatembea mjini tangu asubuhi, shingo italia. Hapo tafuta kishikio kitupu, kisicho na mota.

Wenye kamera ya Canon AE-1 mna mota iitwayo Power Winder A: betri nne, picha mbili kwa sekunde. Haina swichi ya picha moja moja, kwa hiyo gusa kitufe cha kupigia picha na uachie upesi. Ukikishikilia, inaendelea kula filamu. Kifuniko mnachofungua kwa sarafu chini ya kamera kitunzeni, maana ukiitoa mota bila hicho vumbi linaingia. Skrubu inayoshika mota kwenye kamera kazeni kwa vidole tu. Koleo huua nyuzi za tundu la skrubu.

Mota ya mitumba fungueni sehemu ya betri kwanza. Unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma? Pamba yenye siki kidogo, halafu spiriti, kausha. Betri za kuchaji ni volti 1.2, nane zinatoa 9.6 badala ya 12. Mota itapunguza mbio, itafanya kazi. Msichanganye mpya na kuukuu: iliyochoka ndiyo inayovuja.

Muda unanibana. Filamu ikifika mwisho na mota ikakwama, achia kitufe. Ukilazimisha, matundu ya pembeni mwa filamu yanachanika. Kurudisha filamu, tumieni kitufe cha kwenye mota, kwani cha kamera kimefunikwa. Na kishikio chochote, mkikijaribu dukani, kikiwa kimefungwa kwenye kamera, hakikisheni mlango wa filamu na wa betri bado inafunguka. Tundu la tripodi liwe chini ya lenzi, lisiwe pembeni.