Watu 17,013 na Daraja Moja: Mji wa Aberdeen na Historia ya Nirvana

KASSIM: Assalaam aleikum wasikilizaji wetu, karibuni tena katika kipindi. Mimi ni Kassim, na nipo na mwenzangu, Dada Mwanahawa. Leo tunakwenda Marekani, katika jimbo la Washington, kwenye mji wa Aberdeen, ambako mto Wishkah huungana na mto Chehalis karibu kabisa na ghuba ya Grays Harbor. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu huko watu 17,013. Katika mji huo ndimo alimozaliwa Kurt Cobain, tarehe 20 Februari 1967, na ndimo yeye na Krist Novoselic walimoanzisha, mwaka 1987, bendi ya roki iliyokuja kujulikana duniani kwa jina la Nirvana.

MWANAHAWA: Wa aleikum salaam, Kaka Kassim, nawasalimu pia wasikilizaji. Naomba tuanze na hiyo idadi ya watu, maana wengi wanaosimulia habari za bendi hii huupita mji huo kwa sentensi moja, wakauita mji wa wapasua mbao uliokufa, kisha wakaendelea na habari za muziki. Mimi naona huwezi kupima ushahidi kuhusu vijana wale kama huujui mji waliokulia.

KASSIM: Basi tuanze kuhesabu. Mwaka 1900 Aberdeen ilikuwa na watu 3,747. Miaka 10 baadaye walifika 13,660, kwa sababu misitu mikubwa iliyouzunguka mji ilikuwa ikikatwa, magogo yakiteremshwa mtoni hadi viwandani, na mbao zikipakiwa melini papo hapo bandarini. Kilele kilikuwa mwaka 1930, walipohesabiwa watu 21,723, na idadi hiyo haijafikiwa tena hadi leo. Ukaja mdororo mkuu wa uchumi, na mwaka 1940 wakabaki 18,846. Tangu hapo, kwa miaka 40, mji ulikaa palepale, ukipanda kidogo na kushuka kidogo, hadi mwaka 1980 ulipokuwa na watu 18,739.

MWANAHAWA: Na sensa ya mwaka 1990 ikakuta 16,565. Katika miaka 10 mji ulipoteza watu 2,174, yaani zaidi ya mmoja katika kila 10. Hapo ndipo tunapokutana na hadithi ya kwanza yenye utata, ambayo haihusu bendi bali inamhusu ndege. Ukiuliza ni nini kilichoimaliza biashara ya mbao pwani ile, watu wengi watakujibu kwamba ni bundi, yule bundi wa madoadoa wa misitu ya kaskazini, ambaye serikali ilimweka katika orodha ya viumbe walio hatarini, na kwa ajili yake ukataji wa misitu ya umma ukawekewa mipaka. Sasa tazama tarehe. Bundi huyo aliingizwa katika orodha mwezi Juni 1990, ilhali sensa ya mwaka huo ilihesabu watu kwa kuzingatia hali ya tarehe 1 Aprili. Wale watu 2,174 walikuwa wamekwisha kupungua kabla bundi hajaandikwa popote.

KASSIM: Kumbe walipungua kwa nini?

MWANAHAWA: Mwanzoni mwa miaka ya 1980 riba za mikopo zilipanda mno Marekani, watu wakaacha kujenga nyumba, na nyumba zao huko hujengwa kwa mbao. Wakati huohuo mashine mpya zilikuwa zikifanya kazi ya watu wengi, na magogo mengi yalikuwa yakipakiwa mazima kwenda Japani, yakapasuliwe huko. Sikatai kwamba mipaka ya ukataji iliwaumiza watu wa Grays Harbor katika miaka ya 1990, kwa maana mtu aliyepoteza kazi hana haja ya kusomewa takwimu. Hata hivyo, katika muongo huo wa bundi, idadi ya watu wa Aberdeen ilipungua kwa watu 104 tu.

KASSIM: Na tangu mwaka 2000 imeongezeka kwa watu 552, kwa hiyo hata hilo neno la mji uliokufa linahitaji kuangaliwa upya. Ila jambo linalonigusa zaidi ni kwamba muongo ule mbaya ndio uliokuwa ujana wa kina Cobain. Mwaka 1980 alikuwa na umri wa miaka 13, na Novoselic, mtoto wa wahamiaji kutoka Kroatia, alikuwa ameletwa Aberdeen na wazazi wake mwaka mmoja kabla, akitokea California. Walikuwa wakibalehe huku kaya za jirani zikifungasha virago.

MWANAHAWA: Ndiyo. Na kwa vile mji ulikuwa mdogo, waliobaki walifahamiana. Hilo lina uzito wake tutakapofika darajani.

KASSIM: Kabla hatujafika darajani, nitaje kwa ufupi mzozo wa nyumbani kwa bendi. Magazeti ya dunia yaliiita bendi ya Seattle, jiji lililo umbali wa yapata kilomita 170 kutoka Aberdeen, ambalo sensa ya mwaka 2020 iliikuta na watu 737,015. Ni kweli kwamba albamu yao ya kwanza, Bleach ya mwaka 1989, ilirekodiwa Seattle. Lakini Cobain aliishi kwanza Olympia, na ilipotumika jina la Nirvana jukwaani kwa mara ya kwanza, mwezi Machi 1988, ilikuwa Tacoma. Hata mji jirani wa Hoquiam una dai lake, kwa sababu ndimo mtoto Cobain alimopelekwa kuishi baada ya kuzaliwa. Mwaka 2014 Aberdeen iliifanya tarehe 20 Februari kuwa siku ya Cobain, na Hoquiam ikaichagua tarehe 10 Aprili kuwa siku ya Nirvana. Miji miwili imegusana, na kila mmoja una sikukuu yake.

MWANAHAWA: Hiyo Bleach yenyewe, ukilishika jalada lake mkononi, utaona jinsi historia inavyoweza kupotoka hata ikiwa imechapishwa. Picha ya mbele imegeuzwa rangi, palipokuwa peusi pamekuwa peupe, na wanaonekana vijana wenye nywele ndefu wakitikisa vichwa. Mmoja wao ni Jason Everman, na jina lake limeandikwa kuwa mpiga gitaa. Katika albamu hiyo Everman hakupiga gitaa hata kidogo. Yeye ndiye aliyelipa gharama za studio, dola 606 na senti 17, na wenzake wakaliandika jina lake ili ajione yumo ndani ya bendi, kisha akasafiri nao katika maonyesho ya mwaka 1989. Kwa upande mwingine yupo Chad Channing, aliyepiga dramu katika nyimbo nyingi za albamu hiyo. Bendi ilipoingizwa mwaka 2014 katika jumba la heshima la muziki wa roki, waliotajwa ni Cobain, Novoselic na Dave Grohl, aliyejiunga mwaka 1990. Grohl alimshukuru Channing hadharani usiku ule, na mimi naona alifanya haki, ingawa shukrani ya jukwaani si sawa na jina kuandikwa.

KASSIM: Sasa tuende darajani, Dada Mwanahawa, maana najua ndiko unakotaka kwenda tangu tuanze.

MWANAHAWA: Karibu na nyumba aliyokulia Cobain kuna daraja la Young Street, linalovuka mto Wishkah. Cobain alisimulia kwamba alipoacha shule mwaka 1985 na kutolewa nyumbani na mama yake, aliishi chini ya daraja hilo. Masimulizi hayo yakaingia katika wasifu wa bendi ulioandikwa na Michael Azerrad mwaka 1993, na wimbo wa mwisho unaotajwa kwenye jalada la Nevermind, albamu ya mwaka 1991, yaani Something in the Way, unaozungumzia mtu aliye chini ya daraja, ukasikilizwa na wengi kama ushahidi. Mwaka 2001 mwandishi Charles R. Cross akatoa wasifu mwingine, na humo akaeleza kwamba watu wa karibu na Cobain wanayakanusha. Novoselic mwenyewe, aliyekuwa rafiki yake wa siku zile, alisema kwamba Cobain alikuwa akienda pale, lakini mtu hawezi kuishi kwenye kingo zile za tope, maji yakipanda na kushuka.

KASSIM: Yaani pale palikuwa kijiwe chake, si makazi.

MWANAHAWA: Umelitaja neno lenyewe. Kijana anaweza kushinda kijiweni kutwa nzima, mtu anayemtafuta akaambiwa aende akamtazame palepale, na bado usiku akalala kwingine. Miaka ikipita, kusema nilikuwa nakaa pale kunaweza kubeba maana zote mbili, kukaa kwa kuketi na kukaa kwa kuishi. Katika Kiswahili chetu neno ni hilohilo moja.

KASSIM: Na suala la maji je? Wako wanaodhani kwamba mto ni mto tu, haupandi na kushuka kama bahari.

MWANAHAWA: Mimi nimekulia Pangani, Kaka Kassim, mlangoni mwa mto, kwa hiyo jambo hili sihitaji kufundishwa na kitabu. Mto unaoingia baharini karibu hivyo hufuata bahari. Maji yakijaa, unauona mto umesimama, kisha unarudi juu, na ukingo uliokuwa umekalia mchana unamezwa. Yakipwa, yanaacha tope linalong'aa, linalokuzamisha mguu hadi kwenye muundi, na nguzo zinabaki na mstari wa kijani unaokuonyesha maji yalifika wapi. Ukitandika mkeka pale wakati wa maji kupwa, haipiti nusu siku yatakufuata, na wakati wa bamvua yatafika mbali zaidi ya jana. Wishkah pale darajani ni mto wa namna hiyo, na katika ghuba ya Grays Harbor maji hupanda kwa zaidi ya mita 2. Nilipoyasoma maneno ya Novoselic niliyaamini papo hapo, kwa kuwa ni maneno ya mtu aliyewahi kusimama kwenye tope lile.

KASSIM: Hata hivyo kuna wanaosema kwamba sehemu ya juu kabisa, pale daraja linapoungana na nchi kavu, mtu anaweza kujikunyata usiku mmoja au miwili.

MWANAHAWA: Usiku mmoja au miwili sibishi. Ninachobisha ni kuishi. Na hapo ndipo udogo wa mji unapokuwa na maana, kwa sababu katika mji wa watu wasiofika 19,000, kijana asiye na pa kulala majira ya baridi huonekana, na wanaomwona wanalijua jina la mama yake. Ndiyo maana nauthamini ushahidi wa majirani na marafiki kuliko utamu wa simulizi.

KASSIM: Leo pembeni mwa daraja hilo kuna bustani ndogo ya kumbukumbu, na mashabiki wanatoka nchi za mbali kwenda kuandika majina yao kwenye zege. Kibao kinachomkaribisha mgeni mjini nacho, tangu mwaka 2005, kina jina la wimbo mmoja wa bendi. Ungekuwa diwani wa Aberdeen ungefanya nini na bustani hiyo?

MWANAHAWA: Ningeiacha, kwa sababu kijiwe cha msanii ni mahali pa kweli katika maisha yake, na nyimbo huanzia vijiweni. Ila ningetaka mgeni aelezwe alikolala kijana huyo. Kwa maelezo ya Cross, alilala kwa marafiki, alilala kwenye korido za majengo ya kupanga, na usiku mwingine aliingia hospitalini, akaketi pamoja na jamaa za wagonjwa kana kwamba naye ana mgonjwa wake, akasinzia kwenye viti hadi kukacha. Ilikuwa hospitali ileile alimozaliwa miaka 18 kabla.