Balozi Kislyak aliingiaje kwenye siasa za Mordovia? Jibu langu kutoka Saransk

Ndugu zangu watazamaji, habari za huko nyumbani. Narekodi video hii kwa sababu kila ninachoweka hapa, hata kile cha bei za mboga sokoni, kinajibiwa kwa swali lilelile: "Wewe si unaishi Saransk? Tueleze huyo Sergei Kislyak, balozi aliyewatia matatani watu wa Trump, amekuwaje mwanasiasa wa huko?" Saransk ni mji mkuu wa Mordovia, mojawapo ya jamhuri zilizo ndani ya Urusi, na Kislyak alikuwa balozi wa Urusi nchini Marekani. Niseme mapema, maana nawajua: sijibu ili nionekane naishi jirani na wakubwa, kwani sijawahi kumtia machoni, na wala sisemi haya kwa kuilalamikia nchi ninayosomea.

Wengi wenu mnamchukulia kama mtu wa siasa aliyetunukiwa ubalozi, ilhali mambo yalikwenda kinyume kabisa. Kislyak alizaliwa Moscow mwaka 1950, akasomea uhandisi wa fizikia hadi 1973, na mwaka 1977 akaingia Wizara ya Mambo ya Nje ya Usovieti. Miaka ya 1980 alifanya kazi New York katika ujumbe wa Usovieti kwenye Umoja wa Mataifa, kisha katika ubalozi wa Washington hadi 1989, wakati Reagan wa Marekani na Gorbachev wa Usovieti walipokuwa wakijadiliana kupunguza makombora ya nyuklia. Huko ndiko taaluma yake ya chuoni ilikopata kazi, kwa sababu mazungumzo ya silaha yanamhitaji mtu anayeelewa kinachozungumzwa, si mwenye adabu za mezani peke yake. Baadaye akawa balozi Ubelgiji na mwakilishi wa Urusi NATO kuanzia 1998 hadi 2003, naibu waziri hadi 2008, halafu balozi Washington kwa miaka tisa. Katika miaka arobaini hiyo hakuwahi kusimama jukwaani kuomba kura ya mtu.

Sakata lenyewe, la tuhuma kwamba Urusi iliingilia uchaguzi wa Marekani wa 2016, mnalijua, kwa hiyo nitaligusa tu. Tarehe 29 Desemba 2016 Obama aliwafukuza maofisa 35 wa Urusi, na siku hiyohiyo Michael Flynn, aliyekuwa akijiandaa kuwa mshauri wa Trump wa usalama wa taifa, akazungumza na Kislyak kwa simu akiomba Moscow isilipize kupita kiasi. Kesho yake Putin akatangaza kwamba hatamfukuza mtu. Flynn alijiuzulu Februari 2017, na Desemba akakiri mahakamani kuwa aliwadanganya wapelelezi kuhusu mazungumzo hayo. Trump akamsamehe mwaka 2020. Mtakaotafuta picha za tarehe 10 Mei 2017, Trump akimshika mkono balozi huyu ndani ya ofisi yake Ikulu, angalieni nani alizipiga: ni mpiga picha wa upande wa Urusi, kwa sababu waandishi wa Marekani hawakuruhusiwa kuingia.

Sasa nije kwenye kiti. Agosti 2017 Anatoly Antonov aliteuliwa kuchukua nafasi yake Washington, na Septemba Kislyak akawa seneta. Bunge la Urusi lina Duma, inayochaguliwa na wananchi, na Baraza la Shirikisho, ambalo kila jimbo hupeleka wawili: mmoja anatoka kwenye bunge la jimbo, wa pili anateuliwa na kiongozi wa jimbo. Anayegombea uongozi wa jimbo hutaja majina matatu kabla ya uchaguzi, na akishinda humteua mmoja wao. Vladimir Volkov, aliyegombea Mordovia mwaka huo, alimweka Kislyak kwenye orodha yake, akashinda, basi mambo yakaishia hapo.

Mnaouliza kama huyo ni sawa na mbunge wetu wa kuteuliwa, mmekaribia. Balozi Liberata Mulamula naye aliwahi kutuwakilisha Watanzania Washington, na mwaka 2021 Rais Samia alimteua kuwa mbunge, akawa waziri wa mambo ya nje. Tofauti ni kwamba Mulamula hakupewa jimbo, wakati Kislyak anahesabika kuwa sauti ya Mordovia, jamhuri iliyo zaidi ya kilomita 600 kutoka Moscow, yenye makabila ya Waerzya na Wamoksha na lugha zao.

Naomba nitoe dukuduku langu hapa, na msiseme nalia. Mwigizaji Mfaransa Gérard Depardieu, aliyekuwa akizikimbia kodi za kwao, alisajiliwa kuwa mkazi wa Saransk mwaka 2013 huku kamera zikimzunguka. Mimi kila nikirudi kutoka safari natafuta upya usajili wa makazi, na karani mmoja amewahi kuikataa tafsiri ya pasipoti yangu kwa sababu herufi moja ya jina langu haikufanana na ya kwenye viza, nikalipia tafsiri nyingine pamoja na muhuri wake. Mji huu unawapokea wageni wenye majina kwa namna yake.

La fedha ni zito zaidi, na linaligusa moja kwa moja Baraza analokaa Kislyak. Tarehe 22 Februari 2022 Baraza hilo lilipitisha kwa kauli moja ombi la Putin la kutumia jeshi nje ya nchi. Machi, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, kampuni za Visa na Mastercard zikasitisha huduma, na kadi niliyotoka nayo nyumbani haitoi hata ruble moja. Ada ya chuo sasa inapita kwa watu na kwa noti za dola, kila mkono ukikata chake. Septemba mwaka huo Marekani iliwawekea vikwazo karibu maseneta wote wa Urusi.

Kwa maoni yangu, na ni yangu peke yangu, kiti hiki ni ubalozi ulioendelea chini ya jina jingine. Kamati ya mambo ya nje anayofanyia kazi inaongozwa na Grigory Karasin, naye balozi wa zamani London aliyeanzia kazi Senegal, ambaye leo ni seneta wa jimbo la Sakhalin. Mwaka 2021 kiongozi mpya wa Mordovia, Artyom Zdunov, alimteua Kislyak tena. Wanaosema ni pensheni ya kifahari siwapingi sana, ila naona Moscow inataka watu wanaoijua Marekani wabaki karibu na meza.

Vijana mnaoniuliza kama mje kusomea diplomasia hapa ili mfuate njia hiyo, siwezi kumshauri mtu, kwa sababu kila mmoja ana mfuko wake na bahati yake. Mimi ningeulizia kwanza ada italipwa kwa njia gani.