Ratiba ya picha kwa mtoto mwenye usonji (autism): tuitengeneze pamoja

Assalam aleikum, mama zangu na ndugu zangu. Niko barazani kwetu Langoni, hapa Lamu, na mbele yangu nina katoni kuukuu, mkasi, selotepu pana, kamba na vibanio vya nguo. Vyatosha kutengeneza ratiba ya picha, yaani kadi zinazomwonyesha mtoto jambo gani lafuata jingine.

Watoto wengi wenye usonji hushika wakionacho upesi kuliko wakisikiacho. Neno ukishalisema limepita. Picha ipo pale pale, ataiangalia hata mara kumi.

Anza kwa kupiga picha na simu. Piga kikombe chake mwenyewe, si kikombe chochote. Tazameni hiki: cha bati, buluu, kimebanduka rangi ukingoni. Mwanangu nilimwonyesha picha ya kikombe niliyoitoa kwenye intaneti, akanikodolea macho tu. Alipoona picha ya hiki, akaenda jikoni. Na kama picha bado haimwambii kitu, mtie kikombe chenyewe mkononi, ajue ni wakati wa uji.

Zichapishe, zibandike kwenye katoni, kisha funika kwa selotepu mbele na nyuma, maana unyevu wa bahari hauachi karatasi.

Funga kamba usawa wa macho yake, si yako. Mwanzo weka kadi mbili tu: kwanza kuoga, halafu uji. Akizoea, ongeza viatu, chuoni (madrasa), kurudi nyumbani. Jambo likimalizika, yeye mwenyewe aibandue kadi aitie kwenye mkoba wa kadi. Usimfanyie, hata akikawia. Ndivyo anavyojua kwamba hilo limekwisha.

Sasa hii yenye alama nyekundu, kadi ya mabadiliko. Kwangu mimi ndiyo yenye thamani kuliko zote. Jumamosi twenda Shela kwa mashua, lakini kusi likivuma kwa nguvu hatuendi, na zamani alikuwa akilia mpaka sauti ikimkauka. Siku hizi naiweka juu ya picha ya mashua, yeye akiona, na pembeni naweka tutakalofanya badala yake: kwenda kuwatazama punda. Bado hulia, ila hukubali kutoka mlangoni. Itumieni na kwa mabadiliko mazuri pia, asije akaiona akajua ni msiba.

Bibi yake alihofia picha zitamzuia kusema. Hazizuii. Sema naye huku ukigusa kadi, maneno machache: “Kwanza kuoga. Halafu uji.”

Usiku, kabla hajalala, zitoeni mkobani pamoja, mzipange kambani za kesho.