Cairo ya Illinois: Msiusingizie Mto

Mtaniwia radhi, leo tena ni Cairo. Si ile ya Misri. Hii iko ncha ya kusini kabisa ya jimbo la Illinois, Marekani, pale mto Ohio unapoingia mto Mississippi. Baadhi yenu mmenisikia hadi mmechoka. Nami nimechoka kuambiwa kwamba mji ule uliuawa na mto na daraja lake.

Daraja la reli lilifunguliwa 1889, vivuko vikakosa kazi, nakubali. Lakini mwaka 1920 Cairo ilikuwa na watu 15,203. Maiti gani hiyo inayonenepa? Sensa ya 2020 ndiyo iliyokuta watu 1,733.

Twendeni kwenye bwawa la kuogelea. Mwaka 1962 bwawa lile lilikuwa la "wanachama", na kadi ya uanachama mnaijua: ngozi nyeupe. Vijana wakaenda kupiga magoti nje yake, wakasali. Picha ipo, na mmoja wao ni John Lewis, yule aliyekuja kuwa mbunge wa Georgia. Basi wakubwa wakafanyaje? Mwaka uliofuata bwawa likafungwa. Baadaye likajazwa zege. Zege, jamani! Joto la Julai, mvuke wa mito miwili, na mtoto wa Kizungu naye anakosa pa kujirusha, ilimradi tu mtoto Mweusi asitie mguu majini.

Mtasema bwawa ni anasa. Haya, njooni madukani. Mwaka 1967 Robert Hunt, askari kijana aliyekuwa likizoni, alikutwa amekufa katika mahabusu ya polisi. Polisi wakasema kajinyonga. Weusi hawakusadiki, na mji ukawaka moto. Kufika 1969 wakaanza kususia maduka yaliyochukua pesa zao lakini hayakutaka kuwaajiri. Kuajiri wauzaji wachache tu, biashara ingeendelea! Wenye maduka wakaona heri wafunge, mmoja baada ya mwingine.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Mafuriko ya 2011, kwa ufupi: jeshi lililipua tuta la Birds Point, lililozuia maji ya mto upande wa jimbo la Missouri, na ekari kama 130,000, nyingi mashamba, zikazama ili Cairo ipone. Kuna waliosema waziwazi kwamba mashamba yana thamani kuliko mji ule. Ya Jenerali Grant wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, na kambi yake ya 1861 pale Cairo, leo hatuyafikii. Anayeyataka anifuate nje.