Nyumba ya khalati: familia moja ilivyoishika Syria miaka 54

Assalaam aleikum. Shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo. Karibuni tena jikoni kwangu hapa Dortmund. Nimetoka zamu ya usiku, sijalala, macho yenyewe mnayaona. Lakini jambo hili nimetembea nalo siku kadhaa, leo nataka nilitue.

Mdogo wangu wa Tanga alinipigia. Alikuwa ameziona zile picha za Desemba 2024, watu wa Syria wanafunga kamba sanamu shingoni na kuzivuta hadi chini. Akaniuliza, "Dada, hawa walikaa miaka 54 chini ya kina Assad, baba na mwana. Siku zote hizo walikuwa wapi? Woga tu?" Nilishindwa kumjibu. Nafanya kazi na Wasyria, jirani zangu wa ghorofa ya juu ni Wasyria, nchi hii ina Wasyria karibu milioni moja. Nilijua kwamba "woga" ni jibu la mtu aliyekaa mbali, ila la kwangu sikuwa nalo.

Nikampelekea swali hilo kaka mmoja, muuguzi mwenzangu kwenye nyumba ya wazee. Kwao Hama, Syria. Jina lake nitalihifadhi. Ilikuwa saa tisa usiku, wazee wamelala, taa za ukumbini zimepunguzwa. Kahawa yake huitia iliki, kama ya kwetu, ndiyo iliyotuunganisha tangu mwanzo. Nikamuuliza. Akaweka kikombe mezani, akasimama wima, mikono kaibana mapajani, mtu mzima wa miaka hamsini kasoro. Akaanza kutamka, kwa sauti ya chini, kile walichokuwa wakikisema mstarini kila asubuhi shuleni. Mwalimu anapaza: "Umma arabiyya wahida!" Watoto wanaitikia: "Dhat risala khalida!" Yaani taifa moja la Kiarabu, lenye risala isiyokufa. Kisha mwalimu: "Kiongozi wetu ila al-abad?" Na darasa zima: "Al-amin Hafez al-Assad!"

Jamani, sikilizeni hayo maneno. Umma. Risala. Abadi. Amini. Hata huyo Assad mwenyewe ni asadi, simba. Sikuhitaji mkalimani. Bibi yangu akikataa jambo husema "abadan", na hapo mazungumzo yameisha. Ni maneno yetu. Usiku ule nikaelewa kitu ambacho nilikuwa sijakisoma popote: familia ile, kabla ya kushika benki na bandari, ilishika vinywa.

Hafez al-Assad alizaliwa mwaka 1930 huko Qardaha, kijiji cha milimani karibu na pwani. Alikuwa rubani wa jeshi. Chama cha Baath, chama cha utaifa wa Kiarabu, kiliingia kwa mapinduzi Machi 1963, na kufikia 1966 yeye alikuwa waziri wa ulinzi. Mwaka uliofuata Syria ikapoteza milima ya Golan kwa Israeli, na waziri wa ulinzi akabaki kitini. Tarehe 16 Novemba 1970 akawapindua wenzake wa chama. Salah Jadid, aliyekuwa bwana mkubwa kabla yake, alitiwa gerezani na hakutoka. Alifia humo mwaka 1993. Mapinduzi hayo yakapewa jina "Harakati ya Kusahihisha". Na hilo pia ni neno letu, kusahihisha, la mwalimu na kalamu nyekundu. Kuanzia siku hiyo, aliyepinga alikuwa hapingi mtu, alikuwa anatetea makosa.

Halafu akaanza kuipanga nchi kama mtu anavyopanga mahari, kwa ndugu. Mdogo wake, Rifaat, akapewa kikosi chake chenye vifaru, kazi yake kuulinda utawala. Shemeji yake, kaka wa mkewe, akapewa shirika la tumbaku. Wanaukoo na watu wa milimani kwao wakajazwa kwenye vikosi na usalama. Hapa naomba mnielewe vizuri, kwa sababu watu hupenda kurahisisha: familia hiyo ni Waalawi, dhehebu la wachache nchini humo, lakini Waalawi wengi walibaki maskini vijijini, na wako Waalawi waliooza magerezani kwa kumpinga. Familia ilijificha nyuma ya jamaa zake. Ilipoondoka, hao ndio iliowaachia deni, na Machi 2025 mamia kwa mamia wakauawa pwani, watu wasio na hatia. Naumia kulisema, lakini siwezi kuliruka.

Bwawa kubwa la mto Furati lilipojengwa, ziwa lake likaitwa Ziwa Assad. Maktaba ya taifa pale Damascus, Maktaba ya Assad. Katika kila kura ya maoni alipata zaidi ya asilimia 99, na mgombea alikuwa mmoja. Kuna mtu hapa atasema, dada, hata kwetu picha ya rais iko ukutani dukani. Ndiyo, iko. Mimi sipimi udikteta kwa picha. Napima kwa kitakachompata mwenye duka siku akiishusha apake rangi ukuta.

Turudi Hama. Mji huo una magurudumu makubwa ya mbao yanayoteka maji mtoni, na mto wenyewe wanauita al-Asi, "aliyeasi", kwa sababu unakwenda kaskazini wakati mito ya jirani inakwenda kusini. Februari 1982 wapiganaji wa Ikhwani, yaani Udugu wa Kiislamu, waliinuka humo dhidi ya serikali. Jeshi likauzingira mji, vikosi vya Rifaat vikiwemo, ukapigwa mizinga karibu mwezi mzima. Waliokufa wanakadiriwa kati ya 10,000 na 40,000. Makadirio yanapishana kiasi hicho kwa sababu kuhesabu maiti nalo lilikuwa kosa. Mtaa wa kale wa Kilaniyya ulisawazishwa, na mahali pale pakajengwa hoteli ya watalii.

Kaka yangu huyu alikuwa na miaka sita. Askari walimchukua baba yake mlangoni, na viatu hakuvaa. Shule zilipofunguliwa, mtoto akarudi mstarini. Katika kile kiapo cha asubuhi mlikuwa na kipande cha kuapa kuliponda genge la Ikhwani. Watoto wa Hama, mayatima wa Hama, wakakisema. Mama yake alimfundisha usiku, kandoni: "Kipande hicho ndicho ukiseme kwa sauti kuliko wote. Mwalimu aone mdomo wako."

Aliponieleza hilo nilikaa kimya. Kwa sababu hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Hakuna aliyemtaka mtoto yule aamini. Walitaka aseme, kila siku, mbele ya wenzake arobaini, nao waseme mbele yake. Ukimsikia jirani anapaza sauti, utajuaje kama anaogopa kama wewe au anapenda kweli? Hujui. Naye hajui yako. Watu milioni ishirini na kitu, kila mmoja amefungiwa peke yake katikati ya umati. Ndiyo maana neno "woga" halinitoshi. Woga wa watu wawili wanaoaminiana unaweza kugeuka ujasiri. Walichoua kwanza ni kule kuaminiana.

Waliokuwa wakisikiliza waliitwa mukhabarat, neno lililotoka shina moja na "habari". Yalikuwa mashirika manne makubwa: la jeshi, la jeshi la anga, la usalama wa taifa na la siasa, na yalichunguzana yenyewe kwa yenyewe. Watu wakajitungia lugha ya pembeni. Mtu akishukiwa kuwa anaandika ripoti, walisema "khati yake nzuri", mwandiko wake mzuri. Aliyepotea asionekane tena yuko "nyuma ya jua". Na aliyetiwa gerezani, walisema amekwenda nyumbani kwa khalati yake. Watu wa Unguja na Mombasa, nyinyi mnaoita khalati, fikirini. Nyumba ya mama mdogo, kule unakopewa chai na mkate wa kumimina, likawa ndilo jina la jela.

Urithi ulikuwa umepangiwa Bassel, mtoto wa kwanza wa kiume. Mwanajeshi, mpanda farasi, sura ya kwenye mabango. Januari 1994 aliendesha gari kwa kasi kwenye ukungu kuelekea uwanja wa ndege wa Damascus, akagonga, akafa. Mashine haikusimama. Marehemu akawa shahidi, picha zikaanza kutoka tatu tatu, baba, marehemu na mdogo wake, Bashar, aliyekuwa London akisomea udaktari wa macho. Akaitwa nyumbani, akavalishwa gwanda, akapandishwa cheo haraka haraka. Hafez alipofariki tarehe 10 Juni 2000, katiba ilitaka rais awe na miaka 40. Bashar alikuwa na 34. Siku hiyohiyo bunge likakutana na kuandika 34. Mwezi mmoja baadaye akapata asilimia 97.

Watu walitumaini kidogo, daktari, kijana, amekaa Ulaya. Lakini tazameni yaliyompata mwanasheria Riad al-Turk. Hafez, baba, alimfunga karibu miaka 18, peke yake chini ya ardhi, na mzee wa watu akawa anaokota punje ngumu kwenye supu ya jela anazipanga kutengeneza picha, ili akili isimtoke. Aliachiwa 1998. Mwaka 2001, kwenye televisheni, akasema dikteta amekufa. Mwana akamrudisha gerezani. Yaani mtu amekufa mwaka mzima, amezikwa, na kusema kwamba amekufa bado ni kosa.

Upande wa fedha sitakaa sana, mnaujua, sura yake ni moja dunia nzima. Mtoto wa mjomba wake Bashar, Rami Makhlouf, alishika kampuni ya simu ya Syriatel na mengine mengi. Mdogo wake Bashar, Maher, akashika kikosi cha nne cha vifaru. Dada yao aliolewa na mtu aliyekuja kuwa mkuu wa usalama wa jeshi.

Na Daraa, mji wa kusini? Mwanzoni mwa 2011 wavulana wa shule waliandika ukutani: zamu yako, daktari, yaani zamu ya Bashar kuanguka. Wakakamatwa, wakateswa, watoto wa shule. Mkuu wa usalama wa siasa wa Daraa wakati huo alikuwa Atef Najib. Mnajua ni nani? Mtoto wa dada yake mama yake Bashar. Mtoto wa khalati. Kaka yangu aliponiambia hivyo alinyamaza kwanza, akaniacha nifike mwenyewe. Ile nyumba ya khalati ilikuwa kweli ni nyumba ya khalati.

Mji ukaandamana, wakapigwa risasi, nchi ikawaka. Wapiganaji wa utawala waliandika kutani, "Assad au tunaichoma nchi," na wakaichoma. Zaidi ya nusu milioni wamekufa. Zaidi ya laki moja hawajulikani waliko. Mpiga picha mmoja wa jeshi, anayejulikana kwa jina la Caesar, alitoroka mwaka 2013 na makumi ya maelfu ya picha, nyingi za maiti za wafungwa zilizobandikwa namba.

Hapa Ujerumani, mjini Koblenz, mahakama ilimhukumu Anwar Raslan kifungo cha maisha Januari 2022. Alikuwa kanali wa usalama Damascus, katika tawi lililoitwa al-Khatib, khatibu, na alikuja huku kama mkimbizi. Kaka yangu alipanda treni mara moja akasikilize kesi. Anasema hakuweza kumaliza siku. Kilichomtoa nje hakikuwa maelezo ya mateso. Ilikuwa kumsikia shahidi, mtu wa kawaida wa makamo, anataja jina lake kamili na jina la tawi kwa sauti ya kutosha, na hakuna aliyemwambia ashushe.

Mwishoni mwa Novemba 2024 waasi walitoka Idlib, kaskazini-magharibi. Aleppo ikaanguka kwa siku chache, Hama tarehe 5 Desemba, Damascus usiku wa kuamkia tarehe 8. Bashar akapanda ndege kwenda Moscow. Wanajeshi walivua gwanda wakaziacha barabarani. Vile vinywa vilivyokuwa vikiitikia miaka 54, siku ilipofika ya kuitikia kwa kweli, havikutoa sauti.

Usiku ule Hama ilipoanguka, kaka yangu alimpigia mama yake. Miaka yote kwenye simu bibi huyu alisema hali ya hewa ni nzuri. Mumewe akiulizwa, yuko safarini. Miaka 42, yuko safarini. Safari hii hakusalimia hata. Alitaja jina la mumewe lote, na la baba yake, na mtaa, na siku waliyomchukua, akasema waliokuja ni wa nani, akalitaja jina la ile familia, akalirudia, kwa sauti kubwa hadi kaka ikabidi aisogeze simu mbali na sikio.

Kaka alikuwa jikoni kwake, hapa hapa Dortmund, anakaanga vitunguu, dirisha amelifungua kutoa moshi. Na mkono wake, anasema, kabla hajafikiri, ulikwishalifunga dirisha.