Kupanga namba za kurasa kwenye tasnifu ili siku ya kutetea zisikusumbue

Haya karibuni, leo nina faili ya tasnifu hapa kwenye Word na tunapanga namba za kurasa, maana hiki ndo kitu kinachorudisha watu wiki ya mwisho wakati kazi yenyewe imeshakubalika, inauma kweli.

Tuanze na vichwa. Kukoleza wino peke yake haitoshi, kompyuta haijui kama hicho ni kichwa. Bonyeza kwenye SURA YA KWANZA, nenda Home, kwenye Styles chagua Heading 1. Vile vya 1.1 na 1.2 vipe Heading 2. Imegeuka bluu? Usijali, bonyeza hiyo Heading 1 kwa kitufe cha kulia, Modify, weka fonti na saizi kama mwongozo wa chuo chako unavyotaka, na vichwa vyote vya aina hiyo vitafuata.

Sasa hapa ndo penye kazi, angalieni taratibu. Bonyeza mwanzo kabisa wa sura ya kwanza, kabla ya herufi S, nenda Layout, Breaks, alafu chagua Next Page iliyo chini ya Section Breaks, siyo ile Page ya juu na siyo Ctrl+Enter, hizo zinahamisha ukurasa tu hazigawi faili sehemu mbili zenye namba tofauti. Ukishafanya hivyo gonga mara mbili chini ya huo ukurasa, utaona Link to Previous imewaka, izime kabla hujagusa kitu kingine, ukiiacha kila utakachobadilisha huku kitaharibu na zile kurasa za mwanzo, kabla ya sura ya kwanza. Ndo uingie Page Number, Format Page Numbers, chagua 1, 2, 3, Start at weka 1, kisha ingiza namba. Kurasa za tamko, shukrani na ikisiri fanya vilevile ila chagua i, ii, iii. Jalada liwekee tiki Different First Page lisionyeshe namba.

Orodha ya yaliyomo ni rahisi: References, Table of Contents, chagua ya Automatic. Kila ukiongeza kitu bonyeza kitufe cha kulia juu yake, Update Field, Update entire table.

Kwenye kutetea watahini wanaongea kwa namba za kurasa. Akisema fungua ukurasa wa 47 na kabla ya sura ya kwanza una kurasa 14, kwenye PDF hiyo ni ya 61, kwaiyo taja namba iliyochapwa chini ya karatasi. Beba nakala ileile uliyowapa, bandika stika kwenye mbinu na kwenye jedwali kuu la matokeo, na kila swali liandike pamoja na ukurasa wake hapohapo. Ukirekebisha kurasa zitasogea tu, sasa kwenye jedwali la marekebisho weka alichosema mtahini, ulichofanya, ukurasa wa zamani na ukurasa mpya, wasianze kutafuta.