Herufi Nzito ni za Anayetafuta

Ndugu zangu, walionisikia mwaka jana wanajua nitaanzia wapi: kwenye matumizi ya herufi nzito. Na nitaanzia hapo hapo, maana miswada inayoletwa mezani kwangu haijabadilika. Juzi nimepokea sura ya kitabu cha kiada, aya nzima nzima zimekozwa, yaani zimewekwa herufi nzito. Nikamuuliza mwandishi, hapa unataka mwanafunzi aone nini? Akanijibu, vyote, vyote ni muhimu! Haya.

Fungueni kamusi yoyote. Kidahizo, yaani neno linaloelezwa, kimechapwa kwa herufi nzito, maelezo kwa herufi za kawaida. Jicho linateremka kutoka kidahizo hadi kidahizo bila kugusa maelezo, mpaka litue kwenye neno linalotakiwa. Herufi nzito huonekana kabla hujaanza kusoma. Za mlazo, zile zilizoinama, sivyo. Hizo unakutana nazo ukiwa katikati ya sentensi, na hapo ndipo sauti inapobadilika. Kwa hiyo mkazo wa sauti upeni mlazo, cha kutafutwa kipeni uzito. Mengine yote nitakayosema ni ushahidi.

Twendeni London, 1845. Herufi nene zilikuwepo tayari, lakini zilikuwa za mabango: nene kwelikweli, ukiitia moja ndani ya aya inameza mstari mzima. Robert Besley, wa kiwanda cha kusubu herufi za kuchapia cha Fann Street, akatoa aina ya herufi iitwayo Clarendon, iliyochongwa na Benjamin Fox. Hiyo ilikuwa nzito, lakini ilikaa mstari mmoja na herufi za kawaida bila ugomvi. Besley akaisajili kwa sheria ya kulinda michoro, na ulinzi wenyewe ulikuwa wa miaka 3 tu. Muda ulipokwisha, washindani wakainakili bila haya. Wangehangaika hivyo kwa ajili ya pambo tu? Waliona kwamba sasa kamusi inaweza kumwelekeza msomaji ndani ya ukurasa uliojaa maandishi.

Au chukueni ratiba za zamani za reli za Marekani. Saa za kabla ya adhuhuri zilichapwa kwa herufi nyepesi, za baada ya adhuhuri kwa nzito. Kwa saa za Kizungu, 7:00 nyepesi ni asubuhi; 7:00 nzito ni jioni. Abiria asiyejua hilo alikuwa na siku ndefu stesheni! Sasa mwambieni huyo mchapaji akoze pia jina la kila mji kwa kuwa ni muhimu, muone treni zitakavyoachwa.

Najua kuna mtu pale nyuma anataka kusema: Mwalimu, siku hizi watu wanasoma kwenye simu, wanapitisha macho tu. Sawasawa kabisa! Anayepitisha macho ndiye anayetafuta. Ukimkozea nusu ya ukurasa, macho yake yatatua wapi?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Hesabu basi niiruke, ila mjue kwamba vekta, yaani kiasi chenye ukubwa na mwelekeo, huchapwa kwa herufi nzito ili isichanganywe na namba ya kawaida, na mhariri akiuondoa uzito huo "ili ukurasa upendeze", ameibadilisha hesabu. La mwisho, haraka: faili ya fonti nzito ikikosekana, programu nyingi huzinenepesha zenyewe herufi za kawaida, na matundu ya "a" na "e" yanaziba. Zikuzeni kwenye skrini mzitazame kabla hamjapeleka kazi kiwandani. Haya, maswali.